Kabla ya kukanda: mfupa, kiungo au wayo unapouma, anza kukagua hapa

Malalamiko yaliyokusanywa hapa ni yale yale yanayorudi wiki baada ya wiki kwenye chumba cha mazoezi tiba cha hospitali ya wilaya: kifundo cha mguu kilichoteguka uwanjani, goti la mama anayepanda ngazi akijishika ukutani, kisigino kinachochoma alfajiri, mguu wa mgonjwa wa kisukari wenye kidonda ambacho mwenyewe hakujua kama kipo. Mengi kati ya hayo yanatibika nyumbani kwa maji baridi, subira na mazoezi. Machache hayasubiri hata muda wa saa sita. Ni muhimu kuyatenganisha, kwa sababu miguu mingi ninayoona ikikatwa haikuharibika siku ya ajali. Iliharibika siku zilizofuata, ilipokuwa inakandwa, inachuliwa na kufungwa kamba kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuweka maji jikoni, fanya ukaguzi huu. Hauchukui dakika mbili.

- Damu. Bonyeza ukucha wa kidole cha mguu au mkono ulioumia mpaka upauke, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Gusa pia kama wayo umepoa kuliko wa upande wa pili.
- Hisi. Mgonjwa afumbe macho, umguse kidole kimoja kimoja kwa pamba au ncha ya kanga, akutajie ni kipi.
- Mwendo. Apinde na kunyoosha vidole mwenyewe, bila kusaidiwa.

Kimoja kikikosekana baada ya ajali, acha kila kitu na tafuta usafiri. Mengine yote yatafanyika hospitalini.

Kifundo cha mguu kimevimba baada ya kukanyaga vibaya

Mara nyingi ni kano za upande wa nje zilizovutika au kuchanika baada ya mguu kugeukia ndani, iwe ni shimo la barabarani, ngazi ya daladala au mpira. Uvimbe hutokea mbele na chini ya fundo la nje, na ngozi hubadilika rangi baada ya siku moja au mbili. Sababu ya pili ni ufa kwenye mfupa. Ya tatu ni kukatika kwa kano nene ya nyuma ya kisigino: mtu hugeuka akidhani amepigwa teke kumbe nyuma yake hakuna mtu. Nadra zaidi, kiungo chenyewe kimetoka mahali pake, na hilo utaliona kwa macho, maana mguu unakuwa umepinda.

Jinsi ya kutenganisha kano na mfupa bila eksirei: mwaka 1992 madaktari wa Ottawa nchini Kanada walichapisha kanuni ambayo imeshapimwa katika nchi nyingi na bado inatumika. Je, mgonjwa aliweza kupiga hatua nne mara baada ya kuumia, na anaweza sasa, hata kwa kuchechemea? Kisha bonyeza mfupa wenyewe, si nyama iliyovimba: ukingo wa nyuma wa fundo la nje na la ndani, kuanzia nchani kupanda juu sentimita sita; kinundu cha mfupa katikati ya ukingo wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo; na mfupa uliojitokeza upande wa ndani, juu kidogo ya tao la wayo. Akishindwa hatua nne, au akishtuka kwa maumivu unapobonyeza sehemu mojawapo kati ya hizo, apigwe eksirei. Akipita yote, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Usiitegemee kanuni hii kwa mtoto mdogo, kwa mtu aliyelewa, wala kwa mwenye kisukari ambaye miguu yake ina ganzi.

Kwa kano iliyokatika nyuma kuna kipimo rahisi zaidi. Mgonjwa alale kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, ukamue shavu la mguu. Wayo mzima huvutika kuelekea chini. Usipotikisika, kano imekatika, na anahitaji hospitali ndani ya siku chache, si miezi.

Kama ni kano za pembeni tu, siku mbili za kwanza ni za baridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa mbili au tatu. Asiye na friji atumie kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi na kukibadilisha mara kwa mara. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole ukipanda juu, isibane, na uinue mguu juu ya mto hadi upite usawa wa moyo. Parasetamoli inatosha kwa wengi.

Maji ya moto, dawa za kuchua zenye pilipili na mikono ya fundi wa kuchua vinaongeza damu inayovujia ndani ya nyama siku hizo za mwanzo, na kama kuna ufa, vinasogeza vipande vya mfupa. Simlaumu bibi anayechua. Anafanya alichofundishwa, na shingo au mgongo uliokaza kwa uchovu hupata nafuu mikononi mwake. Ila jeraha bichi halichuliwi.

Siku ya tatu anza kuusogeza mguu: andika herufi hewani kwa kidole gumba, kisha ukanyage kidogo kidogo. Baada ya wiki moja au mbili jifunze kusimama kwa mguu huo mmoja huku ukipiga mswaki. Wengi huliruka zoezi hili, na ndio wanaorudi na kifundo kile kile kimeteguka tena, kwa sababu kano imepona lakini mguu haujajifunza upya kujisimamisha. Ukiwa bado huwezi kuukanyagia baada ya siku saba, rudi ukapigwe eksirei.

Mfupa umevunjika, au hogo linauma

Mtu akianguka na bodaboda na mguu ukaonekana umepinda, usiuvute kuunyoosha. Ufungie gango jinsi ulivyoukuta: ubao, kadibodi ngumu, hata magazeti yaliyokunjwa pamoja, lifike kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Ukikosa vyote, funga mguu huo kwenye mguu mzima kwa kanga mbili tatu. Vua viatu, pete na bangili mapema, kabla uvimbe haujavizuia. Penye jeraha lililofika kwenye mfupa, funika kwa kitambaa safi na usirudishe mfupa ndani. Usimwagie unga wa kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Jeraha hilo linahitaji antibayotiki ndani ya saa za kwanza, chanjo ya pepopunda na kuoshwa chumba cha upasuaji, na kila saa inayopita inawapa vijidudu nafasi.

Baada ya kufungwa hogo, yaani plasta ngumu, maumivu ya siku ya kwanza huwa ni ya uvimbe. Inua mguu, chezesha vidole, meza dawa uliyopewa. Yasipopungua, huenda hogo linabana. Kuna pia sababu ya tatu, nadra lakini mbaya kuliko zote: misuli imevimba ndani ya ngozi yake ngumu mpaka damu haipiti. Dalili zake ni maumivu yanayozidi jeraha lenyewe na yasiyosikia dawa, mgonjwa kulia mtu mwingine akimnyoosha kidole, misuli kuwa migumu kama ubao, kisha ganzi. Usisubiri wayo upoe au ukucha upauke ndipo uamini. Hizo huja mwisho. Misuli huanza kufa baada ya muda wa saa sita hivi.

Hapo usiinue mguu juu zaidi. Uweke usawa wa moyo na uondoke, hata kama ni saa nane usiku na tarehe ya kliniki ni wiki ijayo. Kama umefungwa vijiti au mianzi na kamba kwa mtaalamu wa jadi, kata kila kamba na kila kitambaa mpaka ngozi ionekane, kisha uende.

Najua kwa nini watu hukimbilia kwa mtaalamu wa jadi: gharama, umbali na hofu ya kukatwa. Hofu hiyo naiheshimu, lakini mguu uliooza chini ya kamba ndio unaokatwa. Nchini Tanzania hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii ambako asiye na uwezo anaweza kuomba msamaha wa gharama. Ulizia mapema, siku unapopokelewa. Mivunjiko mizito hupelekwa kwenye hospitali kama KCMC Moshi, Bugando Mwanza au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, lakini kituo cha kwanza ni kile cha karibu chenye eksirei. Usipoteze siku ukitafuta hospitali kubwa.

Goti linauma

Kwa aliyepita miaka 45, anza kwa kufikiria gegedu lililosagika, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Goti hukaza asubuhi kwa dakika chache, chini ya nusu saa, hulalamika kwenye ngazi na baada ya kukaa muda mrefu, na husikika likikwaruza. Mtaani huambiwa kwamba mafuta ya goti yamekwisha, na hapo mtu huanza kunywa maji ya bamia na supu ya makongoro. Supu hiyo ni chakula kizuri, ila ikifika tumboni inasagwa kama nyama nyingine. Haiendi kwenye goti. Kinacholisaidia goti ni paja lenye nguvu.

Kaa kwenye kiti, nyoosha goti mpaka liwe sawa, hesabu hadi tano, shusha polepole. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, na baada ya wiki mbili funga mfuko wa mchanga wa kilo moja juu ya kifundo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma; karibu kila mtu huishika kinyume. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu, na anayeumia kwenye sijida aswali akiwa ameketi kwenye kiti.

Kijana anayeumia nyuma ya pia ya goti akishuka ngazi au akikimbia kwa kawaida ana misuli dhaifu ya paja na nyonga, na zoezi hilo hilo humsaidia. Goti linalojifunga ghafla likagoma kunyooka lina kipande cha gegedu kilichonasa. Goti lililovimba ndani ya saa mbili baada ya kuzunguka vibaya uwanjani limejaa damu, na mara nyingi kano ya ndani imekatika. Haya mawili ni ya daktari wa mifupa. Na kama viungo vidogo vya mikono yote miwili navyo vimevimba na hukaza zaidi ya saa moja kila asubuhi, huo ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo. Una dawa zake, na ukichelewa vidole hupinda bila kurudi.

Neno kuhusu dawa za maumivu, kwa kuwa goti ndilo linalowafanya watu wazinunue kwa mwezi mzima. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za siku chache. Zikitumiwa kila siku hutoboa tumbo, huharibu figo na kupandisha presha. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au mimba asizinunue bila kuuliza. Unga usio na lebo unaosifiwa kwamba unaondoa maumivu ya viungo siku hiyo hiyo uogope zaidi. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi. Na vijana wanaomeza deksamethasoni au prednisoloni, ambazo nazo ni steroidi, ili wanenepe wajue zinafanya nini kwenye mfupa: zinaudhoofisha, na kichwa cha mfupa wa nyonga kinaweza kufa na kubomoka mtu akiwa na miaka 25.

Kiungo kimoja kimevimba, ni chekundu na cha moto

Likiwa ni fundo la kidole gumba cha mguu, limeanza usiku wa manane kwa mwanamume wa makamo na hata shuka likiligusa anapiga kelele, hiyo karibu kila mara ni gauti. Asidi ya yuriki imezidi kwenye damu na kuganda kuwa chembe zenye ncha ndani ya kiungo. Nyama choma, maini na bia huichochea, lakini wengi husahau sababu nyingine: dawa za presha za kukojoza, na pirazinamidi iliyomo kwenye dozi ya kifua kikuu. Usiziache mwenyewe. Mwambie daktari ili yeye aamue. Shambulio hutulizwa kwa baridi, maji mengi ya kunywa na dawa ya kupunguza uvimbe atakayoandikiwa. Alopurinoli hushusha asidi kwa muda mrefu, haizimi moto wa leo. Anayeitumia tayari aendelee, asiyeitumia asijianzishie katikati ya maumivu.

Kama ni goti, nyonga au bega, na kuna homa au mgonjwa hataki hata kiungo kiguswe, chukulia kwamba kuna usaha ndani mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Usaha huharibu gegedu kwa siku chache tu. Kiungo kinatakiwa kuvutwa maji kwa sindano, kupimwa na kuoshwa siku hiyo hiyo. Usikubali kupewa vidonge vya antibayotiki dukani ukalale navyo. Mtoto mwenye sikoseli mwenye homa na mfupa mmoja unaouma mahali pamoja asidhaniwe ana maumivu yake ya kawaida tu. Mifupa yao hushambuliwa na bakteria kwa urahisi, hasa salmonela.

Viungo vingi vikiuma pamoja na homa, pima malaria kwanza. Kisha zifikirie chikungunya, ambayo iligunduliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, uwanda wa Wamakonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953, na dengue. Mpaka ithibitike kwamba si dengue, tumia parasetamoli peke yake, kwa kuwa aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu. Kwa mfugaji au mnywaji wa maziwa yasiyochemshwa mwenye homa ya vipindi, jasho na maumivu ya kiuno na magoti, omba kipimo cha brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo.

Kisigino kinachoma hatua za kwanza za asubuhi

Utando mpana unaoshikilia tao la wayo umechoka pale unapoanzia kwenye kisigino. Ndiyo sababu ya wengi, hasa wanaosimama kutwa nzima, madereva wanaoanza kukimbia ghafla, na wanaovaa ndala bapa au yeboyebo zilizolika. Ukipigwa eksirei ukaambiwa mfupa umeota kisiginoni, usitishike. Watu wengi wana kimwiba hicho na hawaumwi popote.

Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuja kwako kwa kanga, hesabu hadi thelathini, mara tatu. Mchana, egemea ukuta ukiwa umenyoosha mguu wa nyuma, kisigino kikiwa chini, uvute shavu la mguu. Jioni viringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo. Vaa raba yenye kisigino kilichoinuka kidogo, hata ya mitumba, ilimradi soli haijapinda, na uivae hata ndani ya nyumba. Huchukua miezi, na kwa wengi sana huisha bila sindano. Sindano ya steroidi kisiginoni inaweza kuukata utando, kwa hiyo iwe ya mwisho na ichomwe na mtaalamu.

Ukikikamua kisigino kwa pande zote mbili na maumivu yakawa makali, huenda mfupa wenyewe una ufa wa uchovu. Wanariadha na askari wanaoanza mafunzo huupata. Pumzisha mguu, nenda ukapimwe.

Nyayo zina ganzi, zinawaka au zinachomachoma

Kwa tatizo hili naomba usome polepole, hata kama huumwi chochote.

Kisukari ndicho cha kwanza kupimwa, na kipimo chake ni tone la damu. Nyuma yake kuna pombe ya miaka mingi. Upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata pia wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu. Dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi, ambayo ndiyo sababu unapewa vitamini B6 pamoja nayo. Na virusi vya UKIMWI vyenyewe. Baka lililopauka kwenye ngozi lisilohisi ukiligusa ni dalili ya ukoma. Unatibika, na dawa ni bure.

Maumivu ndiyo yanayotuambia tuutoe mguu kwenye msumari. Yakiondoka, mtu hutembea na msumari ndani ya kiatu kutwa nzima. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa vidole vya miguu na panya wakiwa usingizini, wakaamka asubuhi na kukuta damu kwenye shuka. Wengine huunguzwa na maji ya moto waliyotiwa ili ganzi iishe, au na moto wa jikoni waliouota usiku wa baridi.

Ukiwa na ganzi, kila usiku kagua nyayo zote mbili na katikati ya vidole kwa kutumia kioo, au mtoto akuangalizie. Kung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko cha mkono. Usitembee pekupeku hata kwenda chooni, lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na usikate sugu kwa wembe wala kuweka dawa kali za kuiondoa. Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mtama, kionwe na mhudumu wa afya ndani ya saa 24, na kuanzia hapo usiukanyagie mguu huo. Kuendelea kukanyaga ndiko kunakokifanya kidonda kisipone hata ukikisafisha kila siku.

Mguu wa mgonjwa wa kisukari uliovimba, wenye moto, lakini hauna kidonda wala maumivu makali, unachanganya hata wahudumu. Huenda mifupa ya wayo inavunjikavunjika ndani. Asikanyage hatua moja zaidi mpaka aonwe. Wayo ukibomoka hubaki na umbo la mashua na vidonda visivyokwisha. Kidole cheusi, harufu, au wekundu unaopanda mguuni pamoja na homa, ni kulazwa siku hiyo.

Ngozi na kucha

Nyufa za visigino: loweka dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe, paka mafuta mazito au krimu ya yurea, vaa soksi usiku. Mwenye ganzi asiloweke wala asisugue. Kuwashwa na kutoka ukungu mweupe kati ya vidole ni fangasi. Kausha vizuri, paka krimu ya klotrimazoli wiki mbili hata kama kuwasha kumeisha, na anika viatu juani, gambuti zaidi. Ukucha unaoingia kwenye nyama hukatwa sawasawa, bila kuchimba pembe. Ukitoa usaha, nenda kituoni. Funza wasitolewe kwa pini inayozunguka familia nzima, maana inasambaza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Mafuta ya dimethikoni huwaua ndani ya ngozi bila kuchimba, na sakafu ya vumbi imwagiwe maji mara kwa mara au isakafiwe.

Mzee ameanguka na hawezi kusimama

Mlaze chali ulinganishe miguu. Mmoja ukiwa mfupi na wayo umelala kuelekea nje, shingo ya paja imevunjika. Asikandwe, asinyanyuliwe kujaribiwa kutembea. Wapo wanaoambiwa wamlaze tu nyumbani kwa sababu ya umri, na hapo huja vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda. Upasuaji wa mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili, ndio unaomrudisha kwenye miguu yake. Kila wakati muulize pia dawa anazotumia, hasa za presha na za usingizi; huenda ndizo zilizomwangusha.

Aliyepita miaka 50 akivunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka tu akiwa amesimama, mifupa yake imeshapungua uzito, mwanamke zaidi ya mwanamume. Apewe dagaa wanaoliwa wazima, maziwa au mtindi na uji wa ulezi, atembee kila siku, apate jua. Ndani ya nyumba, ondoa mkeka unaoteleza na uweke taa kwenye njia ya choo.

Mtoto anachechemea, au miguu yake imepinda

Miguu iliyopinda kwa nje ni ya kawaida mpaka karibu miaka miwili. Ikizidi baada ya hapo, au ikiwa mguu mmoja tu, apimwe matege. Anayefungiwa ndani siku nzima hukosa jua, na anayeishi miteremko ya Meru au sehemu za Bonde la Ufa huenda maji yake yana floraidi nyingi, madini yanayoweza kupinda mifupa, ambayo magadi ya kulainishia maharage huiongeza. Kuchemsha maji hakuiondoi. Hubaki kwenye maji yaliyopungua. Tumia maji ya mvua kwa kunywa na kupikia watoto.

Kuchechemea bila homa baada ya mafua huisha kwa siku chache. Kukiwa na homa, rudi juu kwenye maelezo ya kiungo chenye usaha, usingoje kesho. Mguu uliolegea ghafla baada ya sindano ya tako umejeruhiwa mshipa wa fahamu. Anza mazoezi tiba mara moja, na siku nyingine omba mtoto mdogo achomwe pajani.

Mtoto aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani hahitaji kusubiri akue. Njia iliyobuniwa na Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, hunyoosha mguu kwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, kisha kano ya kisigino hukatwa kidogo. Inapatikana hospitali ya CCBRT Dar es Salaam na katika kliniki nyingi za Kenya na Uganda, na ikianza wiki za kwanza za maisha huleta matokeo mazuri sana. Baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fito, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka afikishe miaka minne au zaidi. Hapa ndipo miguu hurudi kupinda, kwa sababu mtoto analia na mama anamhurumia. Akilia usiku wa kwanza na wa pili, angalia kama kisigino kimekaa chini kabisa ndani ya kiatu na kama kuna malengelenge. Ngozi ikiwa salama, viatu vibaki.